Kapasita za Mlangoni

Taa ilirudishwa Jumatatu asubuhi, imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mchanga, na aliyeileta alikuwa na adabu nyingi mno hata nikajua habari si njema. Mteja mwenye kosa huja akifoka. Mwenye haki huanza kwa kuomba radhi.

"Shikamoo, fundi. Samahani sana, sijui niseme vipi," alisema yule mama. "Inapiga mluzi."

Kazi yake ni kusoma vitabu kwa sauti ili virekodiwe kwa ajili ya watu wasioona. Shirika lao lina vyumba vingi vidogo vya kurekodia, havina dirisha, na umeme wa ukutani huingiza mngurumo kwenye rekodi, kwa hiyo walitaka taa za mezani zinazotumia betri. Nilikuwa nimewatengenezea moja ya mfano. Ikiwaridhisha, nitengeneze za vyumba vyote. Isipowaridhisha, nilikwisha kumwahidi binti yangu kwamba nitafunga duka nikahamie kwake, kwenye chumba cha nyuma chenye kitanda cha wageni.

"Mluzi wa namna gani?"

"Mwembamba. Kama wa mdudu." Akaiwasha juu ya meza yangu, akaipunguza mwanga kidogo, akaipandisha, akaizima. "Huo. Umeusikia?"

Niliinamisha kichwa, nikakunja uso kama mtu anayesikiliza.

"Nimeusikia," nikasema.

Uongo mtupu. Sikusikia hata punje.

Masikio yangu niliyaacha kwenye chumba cha jenereta nilipoanza kazi, enzi ambazo kijana akiziba masikio anachekwa. Sauti nene bado zinanifikia: lori, mlango ukibamizwa, mtu akinikabili uso kwa uso huku nikimtazama midomo. Sauti nyembamba zilikwenda zake zamani. Ndege naona midomo yao ikifunguka tu. Birika nalijua kwa mvuke.

Sasa nieleze kidogo kuhusu kazi yenyewe, na asiyependa mambo ya umeme anivumilie, si marefu.

Betri huleta volti nyingi kuliko taa inavyotaka. Regyuleta, yaani vipunguza-volti, ninazotengeneza mimi hazipunguzi umeme kwa kuugeuza joto, bali zinaukatakata. Zinafungua, zinafunga, zinafungua, maelfu kwa maelfu kwa sekunde moja. Kwa hiyo haziuli umeme taratibu kama mtu mwenye heshima zake. Zinaumeza kwa mafunda, na waya wa betri hauwezi kuleta funda kwa ghafla namna hiyo. Ndiyo maana pale mlangoni, umeme unapoingilia, lazima uweke kapasita. Ni kama ndoo chini ya bomba linalotiririka kidogo kidogo: bomba linajaza polepole, wewe unachota kwa kata.

Wanaoanza kazi hii hudhani kuchagua ndoo ni suala la ukubwa. Wapi! Ndoo hii inachotwa na kujazwa bila kupumzika, na swali la kwanza ni kama itastahimili. Kapasita za kopo, zenye majimaji ndani, zikichotwa kwa fujo hupata joto, na joto likizidi zinakauka. Kapasita za kauri ni ndogo kama punje za mchele, hazishiki joto, hazikauki, wewe utakufa zibaki. Lakini zina tabia zao. Ukiziwekea volti nyingi zinapungukiwa nguvu; iliyoandikwa kumi inabaki nne. Hilo halinisumbui, naziweka nyingi. Linalonisumbua ni kwamba kauri ya aina hiyo hunenepa na kukonda kila umeme unapopanda na kushuka. Ni kidogo mno, jicho halioni. Ila imelehemiwa juu ya bodi, kile kibao chembamba kinachobeba vifaa vyote, na bodi inakuwa ngozi ya ngoma. Kapasita inaanza kuimba.

Sasa kiziwi anajuaje kwamba bodi yake inaimba?

Nilikuwa na Daktari. Jina hilo nilimpa mwenyewe. Marehemu mke wangu alikuwa mpishi wa shule, umeme haujui, hataki kuujua, na mpaka mwisho alishika waya kwa ncha za vidole kama anayeshika mkia wa panya. Lakini alikuwa na masikio! Jioni akirudi kutoka jikoni kwao alivua viatu, akaketi kwenye kigoda kando ya meza yangu, akachukua mpira mwembamba wa plastiki, ncha moja akaitia sikioni, ya pili akaipitisha juu ya bodi huku amefumba macho. Mkono wa kulia ulishika mpira. Wa kushoto ulichezea kitufe cha mwanga. Halafu kidole kilishuka kwenye kapasita fulani.

"Nyenje huyu hapa."

"Huyo hawezi kuwa yeye."

"Mimi nimekwambia. Sikio la kufa halisikii dawa, Kiziwi wangu, na lako lilishazikwa. Fungua, utoe."

Natoa, naweka nyingine, anasikiliza tena. Hakuwa na huruma hata chembe. Kuna bodi moja aliikataa mpaka nikamwambia arudi kwenye sufuria zake, naye akarudi kweli, akala peke yake, na kesho yake akaja akaikataa tena. Kwa miaka yote hiyo ni taa moja tu iliyopita mara ya kwanza: ya kitandani kwetu. Niliitengeneza kwa sababu napenda kusoma kabla ya kulala na balbu ya darini ilikuwa inamkera. Niliifunga jioni moja, asubuhi nikamuuliza, inaimba?

"Kimya kabisa," alisema. "Usiiguse."

Nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Alifariki mwaka juzi, msimu wa baridi. Kimya nilikizoea zamani, hakinitishi. Nisichokizoea ni kufanya kazi bila mtu wa kuniambia kwamba nimekosea. Kigoda nimekiacha palepale na mpira unaning'inia kwenye msumari wake. Wageni wakitaka kuketi nawaletea kiti kutoka ndani.

Jioni ile binti yangu alipiga simu. Hupiga ya picha, ili nimwone midomo.

"Wameipokea taa, baba?"

"Wameirudisha."

Hakusema nilikwambia, maana amelelewa vizuri. Alisema, "Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini."

"Mimi si ng'ombe. Na guu ni zima. Ni sikio."

"Haya, sikio." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Baba, wewe huko unaongea na nani? Kwa siku nzima, unaongea na nani?"

Nilimwambia nina wateja. Nilikuwa na mteja mmoja, na taa yake ilikuwa mbele yangu imelala kwenye taulo.

"Nakuja Jumamosi," alisema. "Tutazungumza vizuri."

Nilijua maana ya kuzungumza vizuri. Angekuja na maboksi.

Nikaanza kazi. Nina mashine ya kuonyesha mawimbi, ina kioo kidogo, na mstari wa kijani unapita katikati. Nilifungua simu mbovu nikatoa maikrofoni yake, nikaiunganisha na mashine, nikaisogeza karibu na bodi. Kama kuna mluzi, mstari utainuka. Nikawasha taa kwa mwanga wote. Mstari ulilala kama waya wa kuanikia nguo.

Nikasogeza maikrofoni huku, nikaisogeza kule. Kimya. Nikapiga makofi kujaribu kama mashine inafanya kazi, na mstari ukaruka, kwa hiyo mashine ni nzima. Jumanne yote ikaenda hivyo. Kufikia Jumatano nilikuwa nimeshakasirika na yule mama. Nilisema moyoni, huyu amezoea vyumba visivyo na dirisha, anasikia damu yake mwenyewe. Nikaandika ujumbe kwenye simu: Nimepima kwa siku mbili, taa haina tatizo lolote. Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma.

Najijua. Mimi ni mbishi, na mbishi akikosa wa kubishana naye huwa hatari zaidi. Daktari angekuwapo angeninyang'anya simu.

Niliiweka chini, nikautoa ule mpira kwenye msumari. Sikuwa na sababu ya maana. Niliketi kwenye kigoda chake, kifupi, magoti yakanifika kifuani, nikatia ncha sikioni ambako haikuwa na la kufanya, nikafumba macho. Nikajaribu kukumbuka alivyokuwa akiketi. Mkono wa kulia unapitisha mpira. Wa kushoto je?

Wa kushoto ulikuwa kwenye kitufe cha mwanga. Siku zote! Anapunguza, anapandisha, anapunguza tena. Miaka mingapi niliuona mkono ule? Nilidhani mwanga unamuumiza macho, na macho yenyewe amefumba! Mimi nilijaribu taa zangu zikiwaka kwa nguvu zote, maana hapo ndipo kapasita zinapofanya kazi ngumu, na fundi hujaribu kwenye ugumu. Yeye hakujua ugumu uko wapi. Alizungusha mpaka aliposikia kitu.

Nikafumbua macho, nikaanza kuipunguza taa taratibu. Robo, nusu, chini zaidi. Na kwenye kioo ule mstari ukaota meno.

Mwanga ukiwa mdogo, regyuleta inashiba upesi. Inameza mafunda machache, inasinzia, inashtuka, inameza tena, inasinzia. Kule kukatakata kwenyewe ni kwa kasi isiyosikika na sikio lolote, lakini huku kusinzia na kushtuka ni kwa polepole, kunaangukia kwenye sauti. Na msomaji hawezi kuwasha taa kwa nguvu zote, karatasi nyeupe itampofusha. Yeye husoma mwanga ukiwa chini. Kauri zangu tatu, nilizozipanga mstari mmoja katikati ya bodi kwa madaha, zilikuwa zikimwimbia tangu ukurasa wa kwanza.

Nilikaa nikiyatazama yale meno ya kijani. Hii ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia mke wangu. Nilikuwa nimeishi nayo nyumba moja na sikuwahi kuiona. Nililia, tena sana. Hakukuwa na mtu wa kumwonea haya.

Halafu nikafuta kile nilichokiandika kwenye simu, nikapasha moto chuma cha kulehemia.

Nilizitoa kauri zote, nikaweka kapasita moja ya kopo. Mstari ukalala. Lakini nilipopandisha mwanga na kuiacha iwake, nikaligusa kopo kwa kidole, likaniunguza. Ndani ya kichwa cha taa kusikopita upepo, lingekauka kabla ya mwaka kwisha. Nikajaribu kopo kubwa zaidi. Joto likapungua, ila kifuniko hakikufunga. Nikarudisha kauri moja tu, ya mwili mnene. Mstari ukaota meno mafupi, lakini ni meno. Alhamisi nilipekua droo zote nikapata makopo ya aina mpya, mafupi, hayana majimaji ndani, nilikuwa nimeyanunua zamani nikayaona ghali nikayaficha. Haya yanastahimili kuchotwa. Nikaweka moja mlangoni kabisa lifanye kazi ya nguvu, na kwa yale mafunda makali ya mwanzo nikalisaidia kwa kauri mbili ndogo. Nikaziweka pembeni mwa bodi badala ya katikati, moja juu na ya pili chini yake, mgongo kwa mgongo, ili hii ikisukuma ngozi ya ngoma huku, mwenzake aisukume kule.

Nikawasha. Nikapunguza mwanga polepole mpaka ukazimika, nikaupandisha. Mstari ulilala. Nikagusa kopo, vuguvugu tu. Nikapunguza tena. Umelala.

"Haya, sikiliza sasa!" nikasema, nikageuka.

Kigoda kilikuwa kitupu, na mpira niliuacha juu yake. Nimesema nilishakizoea kimya, lakini pale, na kazi nzuri mkononi, nilijiona mpweke kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi kulikuwa na watu.

Jumamosi binti yangu alikuja, na kweli, maboksi yalikuwa ndani ya gari, yamekunjwa, ameyafunika kwa kitenge ili nisiyaone. Nilimketisha kwenye kiti nilichomletea kutoka ndani, nikamwekea taa mbele, nikampa mpira. Ana masikio ya mama yake. Akafumba macho bila kuambiwa.

Nilizungusha kitufe huku namtazama uso. Chini, juu, chini kabisa. Uso haukubadilika.

"Baba, hakuna kitu."

"Sikiliza vizuri."

"Kimya. Kimya kabisa." Akafumbua macho. "Umeitengeneza peke yako?"

"Nani mwingine?"

Halafu akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona akikivuta kitenge vizuri juu ya maboksi na kufunga mlango wa gari. Nikajua duka limebaki. Nilitaka kuruka, lakini kwa umri wangu nilichemsha chai.

Wakati birika liko motoni alikwenda chumbani kwangu kutoa mapazia akayafue, maana tangu msiba hayajaguswa. Kule ni giza hata mchana. Nilikuwa natia majani nilipohisi ameshika bega langu. Hunigusa kwanza, kisha huongea.

"Baba, ile taa ya kitandani bado inalia?"

"Ipi?"

"Ya kitandani. Nimeiwasha, ikaanza. Nyenje wa mama."

Nilidhani midomo yake imenichanganya. Nikamwambia arudie. Akarudia yaleyale.

"Hiyo haijawahi kulia," nikasema. "Mama yako aliisikiliza. Nilimuuliza asubuhi yake, akasema kimya. Hakuna bodi aliyowahi kunipitishia kwa upendeleo, hata moja."

Binti yangu akaketi. Kwa bahati mbaya, au sijui nzuri, aliketi kwenye kigoda.

"Ilikuwa inalia tangu siku ya kwanza. Aliniambia mwenyewe, na akanikataza nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Alisema, akiambiwa ataitengeneza."

Nilishusha birika. Yeye akangoja nimtazame tena midomo.

"Usiku alikuwa akikuita, husikii. Gizani humwoni midomo. Alisema kuolewa na wewe mchana ni raha, ila taa ikizimwa ni kama amelala peke yake. Basi ulipoleta ile taa, ukawa unaipunguza mwanga ili yeye asisumbuke. Ukiipunguza tu, inaanza kuimba. Akisikia nyenje anajua uko macho, unasoma, akitaka neno atakugusa. Nyenje akinyamaza anajua umelala, naye analala. Hata mwisho wake, alipokuwa hawezi kugeuka, alikuwa ananiambia baba yako jana kachelewa kulala."

Taa ile nayo ilikuwa na kauri tupu, zimepangwa katikati ya bodi, na mwanga wa chini. Fundi mwenye akili angegundua tangu Jumatano. Lakini kinyozi hajinyoi, na tena Daktari alikwisha kusema kimya.

Tulikunywa chai. Sikumbuki kama ilikuwa na sukari. Kisha nikamshika binti yangu mkono nikampeleka chumbani, nikamwambia akae upande wa mama yake, asikilize, mimi nizungushe.

Nikaiwasha kwa nguvu zote. Akatikisa kichwa. Nikapunguza. Akatikisa kichwa. Nikapunguza tena kidogo, kidogo, macho yangu yako kwenye midomo yake.

"Hapo," akasema. "Hapo anaimba."

Nikachukua wino mweupe ninaowekea alama kwenye bodi, nikatia nukta kwenye kitufe.

Aliondoka kabla ya jua kuzama, na mapazia ndani ya boksi mojawapo, akaahidi kuyarudisha yakiwa safi. Jumatatu yule mama alikuwa anakuja kuchukua taa yake. Kwenye droo yalibaki makopo ya aina mpya na kauri ndogo za kutosha, na chuma cha kulehemia nilikwisha kukichomeka kikapata moto. Ile ya kitandani ingekuwa kazi ya dakika chache.

Nilichomoa chuma, nikaenda kulala. Nililala upande wangu, nikapunguza mwanga mpaka kwenye nukta nyeupe, nikafungua kitabu, nikasoma kwa shida vilevile kama nilivyokuwa nikisoma mwenzangu akiwa amelala kando.